Mtoto Aliye Nje ya Ramani: Somo la Jamii katika Shule za Kanisa, Usambara

Vitabu vya jubilei huhesabu shule kwa majengo. Mwaka fulani bati liliezekwa, mwaka mwingine darasa la pili likaongezwa, kisha hufuata majina ya walimu wakuu kwa mpangilio wa miaka. Sura hii haikukusudiwa kurudia hesabu hiyo. Inafuata somo moja tu tangu siku za wamisionari hadi leo, yaani lile somo ambalo kwalo mtoto hufundishwa habari za nchi yake, watu wake, na nafasi yake kati yao. Somo hilo limebadilishwa jina mara nyingi. Limewahi kuitwa Historia na Jiografia, limeitwa Siasa, Uraia, Maarifa ya Jamii, na katika mtaala ulioanza kutumika 2024 sehemu yake kubwa inaitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Jina lolote litumikalo, mwalimu aingiapo darasani hukabiliwa na swali lile lile: jamii tunayoisoma ni ya akina nani, na ni mtoto gani aliyeketi humu ndani asiyejiona ndani yake?

Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Shirika lililowatuma liliundwa Berlin mwaka 1886, na baadaye likafungamana na makao ya Betheli, karibu na mji wa Bielefeld, ambayo yalikuwa yameanzishwa 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika historia zetu, nalo lastahili kutajwa polepole. Kazi iliyozaa sharika za Usambara ilikuwa na mizizi yake mahali ambapo mgonjwa aliyefichwa na jamaa zake alipewa kitanda, kazi na jina. Si ajabu basi kwamba mwaka 1896 yalifunguliwa Lutindi makao ya watoto waliookolewa utumwani, na kwamba mahali hapo hapo baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hebu tuwafikirie watoto wale wa Lutindi kama wanafunzi wa somo la jamii. Kwa desturi ya ualimu, ya zamani na ya sasa, somo huanza nyumbani: taja jina la baba na babu, taja kijiji chenu, eleza njia ya kutoka kwenu hadi shuleni. Mtoto aliyechukuliwa akiwa mdogo katika nchi asiyoijua jina, akapitishwa mikononi mwa watu kadhaa, atajibu nini? Swali ambalo kwa mwenzake ni jepesi kuliko yote, kwake ni zito kuliko yote. Walimu wa leo wana watoto wa namna hiyo bado, ingawa sababu zimebadilika. Yuko yatima aliyelelewa na bibi, yuko aliyeletwa mlimani kufanya kazi za ndani, yuko asiyejua upande wa baba yake. Mwalimu mwenye busara huwaambia watoto waeleze mahali wanapolala na watu wanaokula nao, wala halazimishi ukoo ujazwe hadi babu wa tatu mbele ya darasa zima.

Pamoja na mwanzo huo mwema, ukweli hauna budi kusemwa. Shule za misheni zilikuwa na mlango, na mlango huo haukuwa mpana kwa wote. Wasichana walikuwa wachache. Wazazi Waislamu wengi, nao walikuwa jirani na ndugu zetu katika kila kijiji cha Usambara, walisita kuwapeleka watoto mahali ambapo kusoma kulikwenda pamoja na mafundisho ya ubatizo, na hasara waliyoipata katika elimu ilionekana kwa vizazi. Mtoto asiyeona au asiyesikia alibaki nyumbani. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walimu Waafrika ndio walioshika shule na ibada, nao waliendeleza kile walichokabidhiwa, mazuri pamoja na mapungufu.

Katika miaka ya utawala wa Waingereza mgawanyo huo uliwekwa katika mpango wa serikali yenyewe: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha. Ramani ya ukutani, pale ilipokuwapo, ilikuwa kifaa cha heshima. Ilitundikwa juu, ilikunjwa likizo, na mtoto aliiendea kwa fimbo ya mwalimu. Kwa wazee wengi waliosoma wakati huo neno lililokaa kichwani ni "kugundua". Mlima Kilimanjaro uligunduliwa na Johannes Rebmann mwaka 1848. Wachaga walikuwa wapi siku hiyo, kitabu hakikusema. Mwaka ule ule mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alipanda hadi Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena 1852. Hapo palikuwa na mfalme, baraza, kodi na sheria, na mgeni ndiye aliyeomba ruhusa ya kuingia. Habari zenyewe hazikukosa mwandishi. Abdallah bin Hemedi alikuwa ameziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa na misheni ya Kianglikana Magila, si mbali na milima yetu. Mtoto wa Kishambaa angeweza kusoma nchi yake katika lugha aliyoielewa. Kwa maoni yangu, hakuna zana ya kufundishia iliyokuwa karibu namna hiyo ikatumiwa kidogo namna hiyo.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja, KKKT. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Kwa sheria ya 1969 serikali ilizichukua shule za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku, na 1977 kila mtoto alitakiwa aandikishwe. Wapo waliolalamika kanisani siku zile kwamba jasho la sharika limechukuliwa. Malalamiko yao yanaeleweka. Hata hivyo mtoto wa Kiislamu aliyekuwa akipita nje ya uzio wa shule aliingia sasa bila kuulizwa dini, na jambo hilo misheni haikuwa imelifanya.

Mwaka huo wa 1963, wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye kuungana kwa makanisa, ilianza Irente, karibu na Lushoto, shule ya wasioona. Irente hujulikana kwa wageni kwa sababu ya genge lake. Watu hupanda kutoka mbali ili wasimame ukingoni na kutazama Mazinde chini, mashamba ya mkonge, barabara na reli, na nyika inayopotelea kwenye ukungu. Basi, karibu na mahali panaposifiwa kwa kutazama, walikusanyika watoto ambao hawakuweza kutazama, nao walipaswa kufundishwa jiografia.

Hapa ndipo somo la jamii lilipolazimika kuanza upya, katika shule hiyo na katika kila darasa lililompokea mtoto asiyeona. Ramani ya ukutani haina faida kwake. Mwalimu akisema "hapa ni Tanga, na hapa ni Moshi", neno "hapa" halimfikishi popote. Wanaofundisha wasioona hawaanzi na nchi. Huanza na meza. Mtoto hupapasa meza yake na kutaja kilichopo kulia, kushoto, mbele na nyuma. Kisha darasa zima hupimwa kwa hatua: mlango uko hatua ngapi kutoka dawati la kwanza, dirisha liko upande gani, jua la asubuhi hupasha joto shavu lipi. Baada ya hapo hutoka kwenda bwenini, kisimani na jikoni. Ni hapo tu mwalimu huleta ubao, akaweka juu yake kisanduku cha kiberiti kuwa darasa, kingine kuwa bweni, na uzi kati yao kuwa njia, na mtoto huutembeza mkono wake pale miguu yake ilipokwisha kupita. Akishaelewa kwamba kitu kikubwa chaweza kuwakilishwa na kidogo, ameielewa ramani. Wenye macho wengi hukariri ramani miaka saba bila kulielewa jambo hilo.

Ramani ya nchi hufuata kwa njia hiyo hiyo. Udongo wa mfinyanzi hufinyangwa kuwa milima. Kamba ya mkonge iliyosokotwa hugandishwa kuwa reli, uzi mwembamba huwa mto, mchanga uliomwagwa juu ya gundi huwa bahari, mbegu ya harage mji mkubwa na punje ya mtama mji mdogo. Kanuni ni chache, nazo hazina budi kushikwa. Vitu visizidi vinne au vitano katika ramani moja, maana kidole hakisomi msongamano kama jicho. Kila alama ibaki na maana moja mwaka mzima, harage lisiwe mji leo na kesho likawa ziwa. Upande wa kaskazini utiwe alama pembeni, ili mtoto ajue namna ya kuuweka ubao mbele yake kabla hajaanza kusoma. Maelezo yaandikwe kwa nukta nundu kwenye karatasi ya kando, si juu ya ramani yenyewe.

Naye mtoto mwenye macho aliyeketi jirani husogea. Kila mwalimu aliyewahi kuleta ramani ya udongo katika darasa mchanganyiko ameliona hilo. Zana iliyotengenezwa kwa ajili ya mmoja hushikwa na wote, na wote huelewa zaidi.

Kamba ile ya mkonge ina habari yake, na kwetu sisi wa mkoa wa Tanga ni somo kamili. Mkonge haukuwa mmea wa hapa. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na inasimuliwa katika vitabu vyote vya zao hilo kwamba miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Mwaka ule ule ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ilifika Mombo 1905, na Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilitafutwa mbali, kwa mikataba, hadi watu hao wakaitwa manamba. Wajukuu wao wako katika madarasa ya tambarare hadi leo, na wengine wako katika viti vya sharika zetu. Mwalimu anayefundisha mkonge kama zao la biashara tu amefundisha nusu. Akiwaita watoto waulize nyumbani babu zao walitoka wapi, kwa nini, na waliambiwa watalipwa nini, somo linafika kwa mtoto ambaye hadi siku hiyo alidhani historia ya Usambara ni ya Wakilindi peke yao.

Somo lingine linalofaa kushikwa kwa mkono, na hata kwa mguu, ni la matuta. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliamuru wakulima wa Usambara wachimbe matuta kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na watumishi wa machifu ndio waliosimamia na kutoza faini. Watu walikataa. Mpango huo uliachwa kabla ya uhuru, ukiwa umewaacha machifu wengi bila heshima machoni pa watu wao. Humo mna jiografia ya mteremko na mvua, mna historia ya ukoloni, mna uraia, yaani swali la nani ana haki ya kuamuru na nani hubeba mzigo wa amri. Beseni moja la udongo lililoinamishwa na kopo la maji vyatosha kuonyesha kwa nini matuta yalionekana ya maana kwa bwana shamba. Bibi mmoja akikaribishwa darasani atatosha kueleza kwa nini hayakuonekana hivyo kwa mwenye jembe.

Lugha yetu nayo ina la kujibu. Kwa muda mrefu tulisema kipofu, kiziwi, kilema, na kwa maneno hayo tuliwaweka watu katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikombe. Siku hizi husemwa mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. Mabadiliko haya si adabu tu ya mjini. Katika miaka ya tangu 2006, watu wenye ualbino walipouawa katika mikoa kadhaa ya nchi yetu kwa ajili ya viungo vyao, walioua walikuwa wamekwisha kufundishwa na jamii kwamba yule si mtu kamili. Hapo somo la jamii lilikuwa suala la uhai. Wakati huo huo, wenye jambo lao wasikilizwe kwanza. Viziwi wenyewe wameshika neno lao, na chama chao cha taifa huitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Kwao jina hilo ni la watu wenye lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania. Kanisa letu linalijua hilo kupitia shule ya viziwi ya Mwanga, upande wa Upare. Mwalimu anayeandika ubaoni huku akiendelea kusema, mgongo ukiwa umewaelekea wanafunzi, amemfungia kiziwi mlango bila kujua. Picha kubwa, mfululizo wa matukio uliopangwa kwenye kamba kutoka kushoto kwenda kulia, na alama za majina ya mahali zilizokubaliwa kabla ya kipindi, humfungulia mlango huo, na humsaidia pia mwenzake anayesoma polepole.

Lipo somo moja ambalo walimu wengi wa huku hulipita mbio, nalo ni la utumwa. Hulifundisha kama habari ya Zanzibar na Bagamoyo, mahali pa mbali. Lakini baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, vita vya ndani viligeuza watu wa milima hii kuwa mateka, na Semboja, mwanawe Kimweri aliyeketi Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa miongoni mwa waliowauza kwenda pwani. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa husali pamoja leo. Je, mwalimu aseme? Mimi naona aseme, ila ajue namna. Asimwulize mtoto yeyote mbele ya wenzake ukoo wake ulikuwa upande gani. Afundishe kwanza jinsi njaa na vita vilivyomfanya mtu amweke mtoto wake rehani. Aonyeshe kwamba wauzaji, madalali na wanunuzi walitoka makabila mengi na dini nyingi, ili asimwachie mtoto wa Kiislamu mzigo ambao vitabu vya zamani vya misheni vilipenda kumtwika peke yake. Kisha awapeleke Lutindi, kwa miguu au kwa masimulizi.

Upande wa sheria na mipango hatuna upungufu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkakati wa kwanza wa taifa wa elimu jumuishi ulihusu miaka 2009 hadi 2017, na mwingine umefuata. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa, na Baraza la Mitihani hutoa karatasi za namna hiyo pamoja na muda wa ziada. Ugumu uko katikati, kati ya waraka na dawati. Mtaala ulipobadilika 2005 masomo yaliyounganishwa yalitenganishwa, ulipobadilika 2015 Historia na Jiografia viliunganishwa tena kuwa Maarifa ya Jamii, na 2024 vikapangwa upya. Kila mara vitabu vya wino hutangulia. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa manene, na mtoto anayesubiri majuzuu hayo husikiliza wenzake wakisoma.

Usharika wetu hauwezi kuandika mitaala. Una vitu ambavyo wizara haina. Una vitabu vya ubatizo vyenye majina ya watu wasiotajwa katika kitabu chochote cha shule, wanawake kwa wanaume, na mahali walikotoka. Una wazee waliochimba matuta na waliosafiri kwa reli, na wengi wao hawatakuwapo jubilei ijayo. Una mafundi seremala wanaoweza kukata mbao za ramani kutokana na mabaki, na akina mama wanaosokota ukindu. Mwalimu mmoja akiomba vitu hivi kwa barua hupata. Wanaoomba ni wachache, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kabati la usharika ni kabati la somo la jamii.

Kuhusu kitabu hiki chenyewe, kamati ya jubilei imepokea ombi kwamba sura tatu, mojawapo ikiwa ile ya wazee na masimulizi yao, zisomwe kwa sauti na kurekodiwa kwa ajili ya waumini wasioona, na kwamba nakala moja ya nukta nundu iandaliwe. Wakati sura hii inakwenda mitamboni, kitabu kinachapwa kwa wino peke yake.